Shatafu ya brasi kwenye vyumba 6: miezi 14 na wageni wa kila namna

Chupa ya maji ya lita moja na nusu ndiyo iliyonipeleka dukani kununua hiki kitu. Nilimwona nayo bibi mmoja wa Unguja, mgeni wangu wa chumba namba 4, anaingia chooni ameibana kwapani chini ya khanga kama mtu anayeficha jambo. Alikuja Moshi kumuuguza mumewe aliyelazwa hospitali ya KCMC, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu kwangu. Nikajua papo hapo ile chupa ni ya nini. Mimi ni mtu wa Pangani, nimelelewa na kopo.

Nyumba yangu ya wageni iko Soweto, hapa hapa Moshi, vyumba 6, kila kimoja na choo chake ndani. Wakati wa kujenga nilimwambia fundi anifungie vyoo vya kukaa na kishikio cha tishu, basi, kwa sababu akilini nilikuwa nawawaza wapanda mlima Kilimanjaro kutoka nje. Hata bomba la chini la kujazia kopo sikuweka. Marehemu bibi yangu alinifunda kwamba mtu asiyechamba kwa maji bado hajatoka chooni, na mimi nikajenga vyoo 6 ambavyo yeye asingeweza kuvitumia.

Nilimfuata yule mgeni na ndoo ndogo na kopo jipya. Nikamwamkia, nikamwomba radhi.

"Marahaba mwanangu. Usijali, msafiri huzoea," akanijibu. Kisha akanishika mkono, akasema taratibu: "Lakini mwanangu, chumba kina televisheni, kina neti, kina birika la umeme. Mtu ajistanji kwa kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile ile nikaenda kutafuta shatafu.

Kwa asiyeifahamu, shatafu ni kile kibomba kidogo cha mkononi kinachoning'inia ukutani karibu na choo: kichwa chenye matundu madogo, kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba, na mpira wa mita moja na kidogo unaochukua maji pale pale yanapoingilia tanki la flashi. Jina tumelipata kwa Waarabu, kwao ni neno la kusuuza. Unguja na Dar nimezikuta kwenye nyumba nyingi tangu zamani. Huku kwetu bara zimeanza kuenea, lakini bado ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukitaja shatafu kuna muuzaji atakuuliza, "ya kuogea?"

Nianze na kosa langu, ili wewe usilirudie. Nilinunua za plastiki kwanza, tatu, shilingi 18,000 kila moja, rangi nyeupe, nzuri kuangalia. Zilidumu miezi miwili. Saa nane usiku nikasikia maji yanatembea koridoni. Mpira wa chumba namba 2 ulikuwa umepasuka karibu na nati, maji yanaruka mpaka darini, na mgeni wangu, kijana wa Kizungu aliyekuwa anapanda mlima asubuhi ile, amesimama juu ya kitanda ameshika viatu vyake. Begi lake lilikuwa sakafuni. Nilipiga pasi soksi zake za sufu mpaka kukacha. Muuzaji wa zile shatafu aligoma kunirudishia hela, akasema nimezifunga vibaya. Duka silitaji, ila iliniuma, kwa sababu yule kijana alikuwa amejiandaa mwaka mzima kwa safari ile.

Fundi wangu wa bomba ndiye aliyenielewesha kilichotokea. Ukiachia kitufe cha shatafu, maji yanazuiliwa kichwani tu. Mpira wote unabaki umejaa presha. Mchana haionekani sana kwa sababu mji mzima unafungua mabomba. Usiku watu wamelala, presha inapanda, na sisi Moshi tumejaliwa maji yenye nguvu, yanayotoka chemchemi kama Shiri na Nsere. Plastiki inavumilia siku moja, mbili, hamsini, kisha inaachia.

"Mama, hapa unataka brasi," akasema, "na tii yenye koki yake. Mgeni akimaliza anafunga koki, mpira unapumzika." Tii ni kile kiungo chenye midomo mitatu cha kugawa maji.

Kwa hiyo ninayoisifia leo ni hiyo: kichwa cha brasi kilichopakwa rangi ya fedha, kizito mkononi kama kufuli, mpira uliosukwa kwa nyuzi za stenlesi kwa nje, na tii ya brasi yenye koki ya kuzungusha robo tu ikafunga. Nilizipata Arusha kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, baada ya kuzunguka Moshi nzima nikiambiwa "zimeisha". Kichwa na mpira shilingi 55,000, tii na koki 12,000, na fundi alinitoza 10,000 kwa kila chumba. Hiyo ni 77,000 kwa chumba, 462,000 kwa nyumba nzima. Nililipa kwa mafungu mawili, na sijajutia hata senti.

Nilikaa na fundi chumba cha kwanza nione anavyofanya, na ninakushauri nawe ukae. Alifunga koki ndogo ya ukutani, akaflashi mara moja tanki likaisha maji, akafungua mpira unaopanda kwenye tanki. Pale ndipo tii inapokaa, mdomo mmoja kwa tanki, mmoja kwa shatafu. Ile tepu nyeupe ya mafundi aliizungusha kufuata upande nati inakokazia, si kinyume, maana ukizungusha kinyume inajikunja na kutoka unapokaza. Kabla ya kufunga nati ya mpira alinionyesha washa, kile kipete cheusi kilicho ndani yake, akakigusa kwa kidole kuhakikisha kimelala vizuri. "Hii ikikaa upande, utaniita kesho," akasema. Akakaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Akafungua maji, akapitisha kipande cha tishu kavu chini ya kila kiungo. Tishu ikatoka kavu. Ndivyo unavyojua.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini kuandika, maana habari ya nati na washa unaweza kuipata kwa fundi yeyote.

Ukiwa na nyumba ya wageni katika mji huu, chini ya dari moja unalaza mfanyabiashara aliyeingia kutoka Kenya kwa mpaka wa Holili, mama aliyekuja kumwona mgonjwa, na watu waliovuka bahari kuja kuuona mlima. Kila mmoja amekuja na usafi wake kutoka kwao, na kila mmoja moyoni anaamini usafi ni huo wake. Kabla ya shatafu sikuwa nayaona haya. Tishu ilikuwa kishikioni, mlango unafungwa, mambo ya mtu ni ya mtu. Tangu nizifunge, wageni wananiuliza, wananieleza, na mimi nimejifunza kuliko nilivyojifunza miaka yote 19 niliyoishi hapa.

Wa kwanza kunishangaza alikuwa dada wa Kifini. Nilijiandaa kumweleza kibomba ni cha nini, akacheka kwa furaha kabla sijamaliza. Kwao Finland mabafu mengi yanacho. Tena chao kimeungwa kwenye bomba la sinki la kunawia, kwa hiyo wao hufungua maji ya uvuguvugu kwanza, ndipo hubonyeza kitufe. Nchi ya theluji, Wazungu ambao sisi tunawasema wanajifuta kwa karatasi tu, kumbe wananawa kwa maji kama watu wa Pangani. Nilimwita dada anayenisaidia usafi aje asikie mwenyewe, maana ndiye aliyezoea kuniambia "Wazungu wote hawajui maji."

Mtaliano mmoja wa makamo naye alinilalamikia kidogo, kwa heshima. Aliiona shatafu, akaniuliza bidè iko wapi. Bidè ni kile chombo cha kukalia chenye bomba, kinachokaa sambamba na choo. Walioanza nacho ni Wafaransa, na kwa lugha yao jina lake ni farasi mdogo, kwa sababu mtu hukikalia kama anapanda. Wafaransa wenyewe wengi wamekiacha, lakini Italia wamekishika: tangu 1975 kanuni za ujenzi zinataka kila makazi yawe na bafu moja angalau lenye bidè. Yule mzee aliniambia anapokwenda Uingereza hufikia kuoga mara tatu kwa siku kwa kukosa bidè tu. Nilimwelewa vizuri sana, kwa sababu hivyo hivyo nilikuwa nikifanya mimi nilipolala hoteli za tishu tupu.

Mjapani, kijana mpole, hakuhitaji maelezo ya choo hata kidogo. Kwao tangu 1980 kampuni ya TOTO inauza kiti cha choo chenye kibomba ndani yake kinachojitokeza na kurusha maji ya uvuguvugu kwa kubonyeza kitufe, na sasa nyumba nyingi wanacho. Alichoomba yeye ni ndoo na kigoda. Nikadhani sijasikia vizuri. Kumbe kwao mtu hukaa kwenye kigoda kidogo, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo aingie kwenye beseni kubwa la maji ya moto. Maji ya beseni si ya kutoa uchafu, ni ya kupumzisha mwili, na familia nzima huyatumia yale yale kwa zamu. Nilimletea kigoda cha jikoni kwangu, ndoo na kata. Alikaa kuoga kama mtoto wa pwani. Tena alivua ndala za chumbani mlangoni pa choo akavaa za chooni bila kuambiwa, kwa sababu kwao pia ndala za chooni hazitoki chooni. Dada wa usafi siku ile alinong'ona, "Huyu ni wa kwetu."

Mama wa Kikorea aliacha kwa bahati mbaya glavu yake ya kijani ya kujisugulia, kitambaa kikwaruzo kama dodoki jipya. Wanakiita taulo la Italia, kwa sababu aina ile ya kitambaa ilitoka Italia mwanzoni, ingawa glavu yenyewe ni ubunifu wa Wakorea. Hujiloweka kwanza, kisha wanajisugua mpaka ngozi iliyokufa itoke kwa vipande vidogo vya kijivu. Nilimtumia ujumbe, akasema nibaki nayo. Nimeifua, nimeijaribu. Jiwe la kusugulia miguu halifui dafu.

Mgeni wa Ufilipino akaliona kopo langu la akiba akaniambia kwao linaitwa tabo. Mama wa Kihindi akaniambia kwao ni lota. Yote ni kopo.

Wamarekani ndio waliohitaji muda. Mume na mke, wastaafu, watu wema sana. Siku ya kwanza mume alidhani ni ya kuoshea buti za mlimani, na kweli alikuwa ameziosha nayo buti zake, udongo umejaa chooni. Jioni mke akanijia jikoni peke yake, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini inatumikaje hasa. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtoto wa kike: fungua koki robo tu usifungue yote, kaa, elekeza maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkono wa kushoto ndio wenye kazi, kisha kausha kwa tishu vipande viwili, funga koki, tundika kichwa, nawa mikono kwa sabuni. Kutoka mbele kwenda nyuma nilimrudia mara mbili, kwa sababu kwa mwanamke ukifanya kinyume unajitafutia maradhi ya njia ya mkojo.

Akaniuliza swali ambalo wageni wa karatasi karibu wote huniuliza: "Lakini mkono si utachafuka?" Nikamjibu kama bibi yangu alivyokuwa akijibu. Ukikanyaga kinyesi cha ng'ombe kwa mguu mtupu, utaufuta kwa karatasi kavu uende zako, au utatafuta maji? Akanyamaza kidogo. Akasema kweli, angetafuta bomba. Kisha yeye naye akanieleza jambo ambalo sikulijua. Bibi yake mzaa baba, mkulima, alikuwa akiweka kikapu cha magunzi ya mahindi chooni. Magunzi! Nikamwambia hata huku vijijini wazee wetu wametumia magunzi na majani. Karatasi maalumu ya chooni ilianza kuuzwa kwao 1857, na mtu wa kwanza kuiuza, Joseph Gayetty wa New York, aliitangaza kama kitu cha dawa. Yaani hata kwao, mbele ya maisha marefu ya watu, karatasi ni ya juzi. Wachina walikuwa nayo zaidi ya miaka elfu moja kabla.

Yule mama alikumbuka pia Machi 2020, rafu za maduka kwao zilipokauka karatasi na watu wakagombania roli. Alisema ilimwogopesha kuliko korona yenyewe. Siku anaondoka alipiga picha tii na koki, amwonyeshe fundi wa kwao.

Sitaki nionekane ninawasema wanaotumia karatasi. Wageni wapo wanaopita bila kuigusa shatafu, na hilo ni lao. Tishu ziko pale pale kishikioni, sikuziondoa na sitaziondoa. Mtu aliyefundwa kwa karatasi tangu ana miaka miwili, ukimnyang'anya anapata dhiki ile ile aliyokuwa nayo bibi wa Unguja na chupa yake.

Na hapa nieleze jambo lililotokea ndani ya nyumba hii hii, ambalo halihusu choo lakini nimelibeba. Dada wangu wa usafi ametoka upande wa Meru, Maji ya Chai. Meno yake yana madoa ya kahawia, kama ya watu wengi waliokulia kule. Mgeni mmoja, mtu wa moyo mzuri kabisa, wakati anaondoka alimwachia zawadi ya mswaki na dawa ya meno, na kikaratasi cha kumweleza apige mara mbili kwa siku. Dada aliingia stoo akalia. Yeye hupiga mswaki mara tatu, na kabla ya hapo alfajiri hutafuna kijiti cha msuwaki, ule mti ambao jina lake ndilo tuliloupa hata mswaki wa dukani.

Madoa yale si uchafu. Ni floridi. Maji ya upande ule yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini hayo kwa wingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanajengwa ndani ya fizi, jino linaota likiwa tayari na doa ndani yake. Hakuna mswaki wala dawa ya meno ya kulitoa. Ni tatizo linalojulikana sana, ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floridi kwenye maji. Niliandika haya kwa Kiingereza kwenye karatasi, nikaibandika karibu na mashine ya kahawa, chini ya picha ya Mlima Meru. Wageni wanaisoma. Mmoja alirudi kwa dada kumwomba samahani kwa jambo ambalo yeye hakulifanya, na dada akacheka na kumwonyesha kile kijiti kinavyotafunwa.

Dada mwenyewe naye alikuwa na lake. Alizoea kusema wageni wa mlimani wananuka. Nilimkalisha nikamwambia watu hawa wamekaa siku 6 au 7 kwenye baridi, maji yao ni beseni moja dogo la uvuguvugu ambalo mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, amelibeba mpaka kwenye hema, la kunawa uso na mikono. Wagumu wenyewe wakishuka hali ni ile ile, na hakuna anayesema Wachaga hawaogi. Sasa wageni wakishuka, yeye ndiye anayewasha hita mapema bila mimi kumwambia.

Nirudi kwenye bidhaa. Miezi 14 sasa. Vichwa vyote 6 vizima, hakuna hata kimoja kinachovuja kwenye kitufe. Mipira mizima. Koki moja, ya chumba namba 5, ilianza kudondosha kwenye mkono wake mwezi wa tisa. Fundi akakaza nati yake ndogo, ikanyamaza. Rangi ya fedha imeanza kubanduka kwenye vichwa viwili, na hilo ni kosa letu, tulikuwa tunavifuta kwa jiki kali. Sasa tunaviosha kwa sabuni ya kawaida kila siku, na mara moja kwa wiki tunaloweka kichwa kwenye siki matundu yasizibe.

Tishu: zamani nyumba ilikula roli 24 kwa wiki ikiwa imejaa, sasa 13 au 14. Lakini faida kubwa kwangu haiko kwenye tishu, iko kwenye chemba. Mwaka uliotangulia chemba iliziba mara mbili, na mara zote fundi alitoa vile vitambaa vyenye unyevu, waipsi, vimejisokota kama kamba. Vitambaa vile haviozi majini kama tishu, hata vikiandikwa vinaflashika, kwa sababu vingi vina nyuzi za plastiki. Wageni wa mlimani huja navyo kwa paketi. Tangu shatafu ziwepo, wengi wanaacha kuvitumia wenyewe, na wanaovitumia nimewawekea ndoo yenye kifuniko. Chemba haijaziba tena.

Akina mama ndio walioniambia faida ambayo sikuifikiria. Mgeni mmoja alitoka kujifungua, ameshonwa, na karatasi kwake ilikuwa mateso. Maji ya shatafu kwa presha ndogo ndiyo aliyotumia siku zote 5 alizokaa kwangu akisubiri kliniki ya mtoto. Mabinti wakiwa kwenye siku zao nao wananiambia hivyo hivyo. Na mama mwenye mtoto wa nepi za kitambaa anapata pa kuzisuuzia bila kuinama kwenye ndoo.

Kasoro ninazo mbili, na nazisema wazi.

Ya kwanza ni presha. Kitufe hakina kati na kati: ukibonyeza, maji yanatoka yote. Kwa nguvu ya maji ya hapa, asiyezoea anaweza kuruka. Pwani tunasema kuchamba kwingi kuondoka na mavi, na ndivyo ilivyo: maji ya nguvu kupita kiasi yanarusha uchafu pembeni badala ya kuushusha. Dawa yake ni ile koki ya tii, ifunguliwe robo. Nimefunga kikadi kidogo kwenye kila tii, Kiswahili na Kiingereza, "fungua kidogo, funga ukimaliza". Bado kila wiki nakuta koki moja au mbili zimeachwa wazi, na usiku kabla sijalala napita vyumba vitupu kuzifunga. Mtengenezaji angeweka kitufe cha kuongeza na kupunguza, ningelipa hata 70,000.

Ya pili ni kishikio cha ukutani kinachokuja nayo. Kichwa ni cha brasi, kishikio ni plastiki nyembamba. Vitatu vimeshavunjika. Kishikio kikivunjika shatafu inaishia sakafuni au, vibaya zaidi, inatupwa pembeni ya sinki la choo, na hapo haifai tena kunawia mtu. Kichwa kisiguse choo wala sakafu kamwe. Fundi amenitengenezea vishikio vya chuma kwa fundi wa kuchomelea, shilingi 6,000 kimoja, tumevipaka rangi. Tumevifunga upande wa kulia, usawa wa kiwiko cha mtu aliyekaa, ili mkono wa kulia ushike bomba na wa kushoto ubaki na kazi yake. Cha kwanza tulikifunga kushoto na kila mgeni Mwislamu alikuwa anapata tabu.

Baridi nayo siiti kasoro, maana si ya bomba, ni ya mlima. Maji ya Moshi mwezi wa sita na wa saba alfajiri yanauma. Nimemuuliza fundi kama tunaweza kuunga kwenye sinki kama Wafini wafanyavyo, ili yachanganyike na ya hita. Amesema inawezekana kwa chumba namba 1 na 4 ambako bomba la maji ya moto linapita jirani, ila nitafute mpira unaostahimili joto. Namba 4 ndiyo atakayoanza nayo.

Nyota nne kwa tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya kile kishikio.

Yule bibi wa Unguja alirudi mwezi wa tatu mwaka huu, mumewe ana kliniki. Nilimpa chumba kile kile. Hakusema kitu usiku. Asubuhi nilipokuwa natandika nilikuta chupa ya lita moja na nusu mezani, imejaa, kifuniko hakijafunguliwa, na yeye yuko uani anaanika khanga. Nikamwuliza kama niitupe. "Wee, ni ya kunywa hiyo," akasema.